Huduma ya kuazima vitabu maktaba: muda wanaotoa nimeukubali, faini ndo imenishinda

Hii rivyuu nimeichelewesha makusudi, nikasema ngoja kwanza hasira zishuke, maana ukiandika ukiwa umetoka kulipa faini unaishia kuandika matusi tu. Jina la maktaba silitaji, wale mama zangu wa kaunta wamenivumilia sana na sitaki siku moja waje wajisome humu, ila kama umewahi kuwa na kadi ya maktaba yoyote ile utajiona tu. Mi ni fundi friji na viyoyozi, bado najifunza, na karibu miaka minne sasa hii maktaba ndo imenisomesha kuliko mtu yeyote, kwa hiyo nikiisema vibaya mjue anasema mtu wa ndani.

Mambo mengine nayapitia haraka. Pa kukaa pasafi, soketi zipo ila nusu hazina umeme, kuna feni moja inalia kama inasaga kokoto (nimejitolea mara mbili kuitengeneza bure, wamekataa, sijui wananionaje). Basi. Kilichonileta hapa ni kuazima.

Utaratibu wao uko hivi, kadi moja unachukua vitabu vinne, unakaa navyo wiki mbili, na unaweza kuongeza muda mara moja kama hakuna mtu anayekisubiri. Vile vizito vya rejea, makamusi na maensaiklopidia, havitoki, unasomea humo humo. Vinavyogombaniwa na wanafunzi kipindi cha mitihani vinawekwa nyuma ya kaunta, unaacha kitambulisho unapewa masaa mawili. Sasa watu wengi wanalalamika wiki mbili ni kidogo na mimi nilikua mmoja wao, nilikua nasema hivi nani anamaliza kitabu cha kurasa 400 kwa wiki mbili na ana kazi, ana familia, jioni umechoka ukifungua ukurasa wa kwanza unalala nacho usoni.

Ila siku moja nikapiga hesabu. Mwaka una wiki 52. Nakala moja ikitoka wiki mbili mbili bila kupumzika hata siku inafika kwa watu 26. Ukitoa wiki tatu wanakua 17. Ukitoa mwezi, 12. Yaani kila siku unayoongeza kwa msomaji mmoja unaikata kwa mwingine, na maktaba yenye nakala moja ya kitabu kinachotafutwa haina namna nyingine ya kukigawa, huwezi kukichana katikati kila mtu akapata sura zake. Kwa hiyo zile wiki mbili hawajakupimia wewe kasi yako ya kusoma, wamepima foleni iliyo nyuma yako. Nilikua sijawahi kuliwaza hivyo.

Halafu hiyo 26 ilinichekesha nilipokutana nayo tena sehemu nyingine kabisa. Mwaka 2011 HarperCollins, wachapishaji wakubwa tu, waliamua kwamba kitabu cha kielektroniki wakiiuzia maktaba kinaazimishwa mara 26 basi, leseni imekwisha, kama mnakitaka tena nunueni upya. Yaani walichukua zile wiki mbili wakazizungusha mwaka mzima. Wakutubi walikuja juu na mi nawaelewa, kitabu cha karatasi hakifi baada ya mtu wa 26, unagundisha jalada maisha yanaendelea.

Sasa kwenye muda hapo nyota tano natoa bila kubisha. Tatizo ni faini, na hapa inabidi nijianike mwenyewe.

Nilichukua kitabu kimoja cha friji, kile chenye michoro ya mzunguko wa gesi na jedwali za presha nyuma, kitabu kizuri ajabu na wanacho kimoja tu. Wiki mbili zikaisha, nikaongeza muda, zikaisha tena. Kwa wakati ule nilikua nahangaika na kompresa moja inayowaka dakika tatu inazima, na jibu nilijua liko humo ndani, nikasema nikae nacho siku mbili zaidi. Siku ya kwanza kuchelewa niliona aibu kweli, nikapanga kesho nakipeleka asubuhi na mapema na maneno ya kuomba radhi nikayaandaa. Ila ile jioni nikaangalia nyuma ya kadi wameandika faini ni kiasi gani kwa siku. Kidogo sana. Nikajisemea aah kumbe ni hivi tu, si nitalipa. Na aibu ikaondoka hapo hapo, kama umezima taa.

Hilo neno "si nitalipa" ndo ugonjwa wote ulipo. Kuna utafiti maarufu wa wanauchumi wawili, Gneezy na Rustichini, ulitoka mwaka 2000, walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto kule Haifa, Israel. Wazazi walikua wanachelewa kuja kuchukua watoto, basi baadhi ya vituo vikaweka faini kwa anayechelewa zaidi ya dakika 10. Unadhani walipungua? Waliongezeka, karibu mara mbili. Mzazi aliyekua anakimbia kwa sababu anamwonea huruma mwalimu anayemsubiri, sasa akawa anaona kuchelewa ni huduma ananunua kama anavyonunua vocha. Na faini ilipoondolewa hawakurudi kwenye hali ya zamani, waliendelea kuchelewa vile vile. Nilivyosoma hiyo nikajiona mimi kabisa. Mi sikua mdaiwa tena, nilikua mpangaji, nimepanga kitabu kwa siku.

Na mpangaji halali usingizi mbovu. Wiki ikawa tatu, tatu zikawa miezi. Kompresa yenyewe nilishaitengeneza zamani (ilikua rilei, siyo gesi, nilipoteza siku nne). Kitabu kikabaki juu ya friji la kwangu kinakula vumbi.

Alafu kuna hatua ya pili ambayo hawa wanaopanga faini nadhani hawajawahi kuipitia wao wenyewe. Faini ikishakua kubwa ile raha ya "si nitalipa" inageuka hofu. Nikaanza kukwepa ule mtaa wa maktaba. Nikawaza niende na kitabu wanitajie deni mbele ya watu, au nikae kimya wasahau. Kwa sababu sistimu yao haina kikomo, faini inapanda tu kila siku ikiwemo siku za sikukuu ambazo wao wenyewe wamefunga, na hawana hata kisanduku cha nje cha kudondoshea kitabu usiku usionekane na mtu. Jamani siku mmefunga mlango nakirudishia wapi? Nipitishe dirishani? Na kukumbushwa hakuna, yaani ujumbe wa kwanza kabisa niliopata kutoka kwao ulikuja nikiwa tayari nadaiwa. Benki inakukumbusha kabla, kampuni ya simu inakukumbusha kabla bando haijaisha, wao wanasubiri uchelewe ndo wakuandikie.

Kali zaidi ni ya wiki ya msamaha. Kumbe waliwahi kutangaza wiki nzima ya kurudisha vitabu bila faini! Tangazo walibandika wapi? Ndani, ukutani, pembeni ya kaunta. Sehemu ambayo mdaiwa hata mmoja hakanyagi. Waliosoma lile tangazo wote walikua watu wanaorudisha vitabu kwa wakati, nadhani walifurahi sana kwa niaba yetu.

Mwisho nikapiga moyo konde nikaenda. Pale kaunta yupo mama mmoja mtu mzima, miwani yake ina kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja nacho au umekuja kusema kimepotea?"

Nikakitoa kwenye begi. Nilitegemea atafungua kompyuta aniambie deni, hakufungua. Alikigeuza, akafunua jalada la nyuma, pale ndani kuna ile karatasi iliyogundishwa wanayopigia mihuri ya tarehe za kurudisha. Hawa bado wanatumia mihuri pamoja na kompyuta, na nawaomba wasiache kamwe. Akaweka kidole juu kabisa akaanza kushuka nacho taratibu. Mihuri ya zambarau, mmoja chini ya mwingine, mingine imekolea mingine imefifia, mmoja umepigwa kichwa chini. Wiki mbili, wiki mbili, wiki nne mtu kaongeza muda, wiki mbili. Inashuka kama ngazi. Kidole kikafika tarehe yangu kikasimama. Chini yake peupe.

Hakusema kitu. Akavuta daftari la wanaosubiri, lile kubwa la mistari, akaligeuzia kwangu. Chini ya jina la kitabu kulikua na majina mawili na yote yamekatwa kwa kalamu. Mbele ya la kwanza ameandika, ameacha. Mbele ya la pili ameandika, mtihani umepita.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika waleti na kwa kweli nilijiona mjinga, maana nilikuja na hela, na hela ilikua haihusiani na chochote kilichopo mezani. Yule wa mtihani mimi nimlipe nini? Faini yenyewe haiendi kwake. Laiti lile daftari ningeonyeshwa siku ya tatu ya kuchelewa, kile kitabu kingerudi siku hiyo hiyo, nakuapia. Ujumbe wa simu unaosema "kuna mtu anasubiri kitabu ulichonacho, ana mtihani" una nguvu kuliko faini yoyote. Badala yake wao waliniambia bei.

Sasa kulipa kwenyewe. Kaunta ya maktaba haipokei hela. Unapewa karatasi, unaenda dirisha la uhasibu jengo lingine, linafungwa saa nane mchana, ukilipa unarudi na risiti kaunta, wao ndo wanafungua kadi. Nilifika saa nane na dakika kumi. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, sikujua walikua wanamaanisha mpaka foleni. Na mtu akae afikirie, mshahara wa huyo wa dirishani, karatasi, risiti, kompyuta ya kuhesabu siku, yote hayo kukusanya visenti vya watu waliochelewa. Kama nia ni pato sidhani hesabu inafungana. Na kama nia ni kitabu kirudi, mimi hapa ni ushahidi kwamba faini ndo ilikizuia.

Na siyo mimi peke yangu nimeona hivi. Chama cha maktaba cha Marekani, ALA, mwezi wa kwanza 2019 kilipitisha azimio kwamba faini za hela ni aina ya kutokua na usawa, kwa sababu mwenye nacho faini haimgusi na asiye nacho inamfukuza kabisa. Ireland mwaka huo huo wakafuta faini maktaba zote za umma. Chicago wakafuta Oktoba 2019 na vitabu vilivyokua vimefichwa majumbani vikaanza kurudi kwa wingi, watu walikua navyo tu wanaogopa. New York wakafuata Oktoba 2021, na hapo ndo ikajulikana kwamba watu kama 400,000 kadi zao zilikua zimefungwa kwa ajili ya madeni, na zaidi ya nusu yao wanatoka maeneo ya hali ya chini. Laki nne! Yaani unajenga maktaba ya bure halafu unafunga mlango kwa mtu ambaye ndo hana hela ya kununua kitabu dukani.

Najua kuna atakayesema bila faini watu watajimilikisha vitabu. Hoja ya kweli hiyo siidharau, nimeishi na watu, naazimisha bisibisi najua. Ila soma vizuri walichofanya New York, hawakusema chukueni bure. Ukikaa na kitabu muda mrefu kinahesabika kimepotea, unadaiwa gharama ya kununua kingine, kadi inasimama. Ukikirudisha, deni linafutika. Hapo mtu anasukumwa kwenye kile unachokitaka, ambacho ni kitabu kirudi rafuni, na mlango wa kurudi uko wazi hata kama amechelewa miezi. Ya kwetu hii hata ukirudisha, deni liko pale pale linakungoja, sasa haraka ya nini? Mi ningeweka hivi, umechelewa hupati kingine mpaka hicho kirudi, basi. Mtu anayependa kusoma hiyo inamuuma kuliko hela, na inamuuma sawa awe tajiri awe kapuku.

Kwa wale mnaojisikia vibaya kama mimi, kuna wenzetu wakubwa. George Washington, rais kabisa, tarehe 5 Oktoba 1789 aliazima kitabu cha sheria za mataifa kwenye maktaba ya New York Society Library na hakikurudi. Mei 2010 watu wa Mount Vernon, nyumba yake ambayo sasa ni makumbusho, wakapeleka nakala nyingine ya kitabu hicho hicho, karibu miaka 221 baadaye, na maktaba ikasamehe. Na kule Cambridge, chuo cha Sidney Sussex, kuna kitabu kilikaa nje miaka 288 ndo kikarudi, nao hawakudai faini. Miaka 288 bure, mimi miezi mitano nimepelekwa dirisha la uhasibu.

Nisisahau vitabu vyao vya kwenye simu maana wamevianza juzi juzi. Hivyo vinajirudisha vyenyewe. Faini hakuna, kukimbizana hakuna, siku ikifika kinatoweka. Nilikua katikati ya sura, tena pale anapoeleza jinsi ya kupima koili, nikaenda kunywa maji, kurudi skrini inaniambia muda wako umekwisha. Hata kugonga mlango hakuna. Na cha kushangaza foleni ipo huko pia, watu sita wanasubiri faili. Faili! Kitu ambacho ukikikopi mara elfu hakipungui, ila leseni inasema nakala moja mtu mmoja, basi na huko tunapanga mstari kama kaunta. Kwa mtu anayesahau kama mimi ni dawa nzuri, ila nakosa ile karatasi ya mihuri. Kwenye simu huwezi kujua kama kuna mtu kabla yako alikua na shida ya kompresa.

Kwa hiyo maksi zangu. Muda wa kuazima tano, na ningewaomba wawe wepesi zaidi kuongeza muda kwa vile vitabu visivyo na foleni, kuna vitabu mle havijaguswa miaka, mtu akikaa nacho miezi miwili kinapungukiwa nini, kirudi kikae gizani? Wahudumu tano, yule mama sita. Ukumbusho moja, na hiyo moja ni ya kuwapa moyo. Faini mbili. Sehemu ya kulipia sifuri. Jumla wekeni wenyewe.

Nimeenda tena wiki iliyopita, kuna friji la kioo limenishinda nikakumbuka zile jedwali za nyuma. Rafuni hakipo. Nikamuuliza mama, akaangalia kompyuta akasema kiko nje, kilitakiwa kurudi siku sita zilizopita. Akanisogezea daftari. Nikaandika jina langu chini ya yale mawili yaliyokatwa, na pembeni, pale anapoandikaga yeye, nikaongeza namba ya simu na "nina friji la mteja".